Visima vya Kaunti ya Mbali

Kuna kaunti moja ya mashambani huko Marekani ambayo naijua vizuri, na sijawahi kuikanyaga. Naijua kwa masikio. Mimi ni dereva hapa Saudia, mwaka wa sita sasa, na bosi wangu ana shamba katika kaunti hiyo. Analima birsimu, yale majani ya ng'ombe ambayo kwetu Kenya tunaita lusini. Hukatwa, hukaushwa, hufungwa marobota, kisha hupakiwa melini mpaka Jeddah. Kazi yangu ni kumbeba bosi kati ya ofisi yake Riyadh na maghala yake Jeddah, naye njia nzima huongea na simu kwa spika. Wakubwa huamini dereva hana masikio. Mimi ninayo, na mdomo pia ninao, na huo mdomo ndio uliokitia hatarini kisima cha baba yangu.

Mengi niliyapata kwa meneja wa shamba, Mmarekani mwenye kofia asiyoivua hata mezani. Alipokuja kutembea alitaka kuona jangwa, kwa hiyo tukaenda Jeddah kwa barabara. Bosi alilala nyuma. Meneja alikaa mbele na mimi, akanieleza historia ya kwao kama katibu wa kanisa anayesoma matangazo ya mazishi. Mwanzo walikuwako wenyeji, wakafukuzwa. Wakaja wachimba shaba, wakaitoboa milima, shaba ikaisha, wakaondoka. Wakaja wafugaji, nyasi zikaisha. Waliobaki sasa ni wazee waliokimbia baridi ya kwao, wanaokaa katika nyumba za mabati zenye magurudumu, pamoja na posta, kanisa, na duka moja lenye pampu ya petroli. Kaunti yenyewe ni kubwa kupita kaunti zetu kadhaa zikiunganishwa, lakini watu wake wote wasingeujaza mkutano wa mwanasiasa wetu mmoja.

"Mvua je?" nikamuuliza.

"Mafi," akajibu, yaani hakuna, akijivunia neno lake moja la Kiarabu.

"Sasa birsimu inakunywa nini?"

Akaelekeza kidole chini, kwenye sakafu ya gari. Akasema ni maji ya zamani sana, na kwamba sheria ya kule inamruhusu kila mtu kuchimba kwake mpaka atakapofika. Nikamuuliza habari ya jirani mwenye kisima kifupi. Akageukia dirisha, akaniuliza kituo cha mafuta kiko mbali kiasi gani.

Kabla ya kufika huko tulipita shamba la zamani la baba yake bosi. Lilikuwa la birsimu pia. Siku hizi ni miduara mikubwa ya vumbi, na yale mabomba marefu ya magurudumu yamesimama yakishika kutu. Serikali ilikataza kilimo hicho kwa sababu maji ya chini yalikuwa yakiisha. Bosi aliamka tulipofika hapo, akatazama nje.

"Hapa halas," akasema, yaani pamekwisha, bila majuto yoyote niliyoyasikia.

Kwenye kituo cha mafuta tulikaa watatu kunywa chai. Ndipo bosi akaniuliza kama kwetu kuna maji. Ningeweza kusema yapo kidogo. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi nilikuwa nimechoshwa na watu wa hapa ambao wakisikia Kenya huona mizoga ya ng'ombe kwenye televisheni.

"Bosi, kwetu ni chini ya mlima," nikamwambia. "Kisima cha baba kina kamba ya futi thelathini tu. Babu alikichimba kwa mikono yake. Hakijakauka hata siku moja, hata mwaka ule wa ukame. Vijiji vitatu vinachota kwetu."

Bosi akaweka kikombe chini. "Futi thelathini?"

"Thelathini, bosi."

Akamtazama meneja. Meneja akatazama chai yake.

"Nitumie lokesheni," bosi akasema.

Nikaitafuta kwenye ramani, nikakuza mpaka nikaliona bati la nyumba yetu, nikabonyeza alama nyekundu mlangoni kabisa, nikatuma. Nilituma nikitabasamu, Mungu anisamehe.

Miezi ikapita. Asubuhi moja tukiwa kwenye foleni Riyadh, simu ikalia na sauti ya kizee cha kike ikajaa gari. Alikuwa bibi wa kaunti ile, mjane, aliyewahi kuendesha basi la shule. Sijui namba aliipata wapi. Alizungumza kwa adabu.

"Mimi sijakuuzia hata futi moja ya shamba langu," akasema. "Nimekaa kwenye kipande changu tangu niolewe. Juzi bomba la jikoni limetoa mchanga."

"Pole, madam," bosi akajibu. "Sisi tunachimba kwetu. Kila kitu ni kwa sheria."

"Najua mnachimba kwenu. Nakuuliza mmefika chini kiasi gani."

"Madam, zungumza na meneja."

"Meneja ameacha kupokea simu zangu. Uzio ninao, na ni mzuri, mume wangu aliujenga. Lakini hauendi chini."

Bosi alimtakia siku njema, akakata, akaniambia niongeze kiyoyozi. Mpaka siku hiyo nilidhani anayenyang'anywa ni yule anayeuza au anayefukuzwa. Sikujua mtu anaweza kukaa kwake, na hati yake sandukuni, na bado akanyang'anywa.

Tulipofika Jeddah juma lile nilimweleza rafiki yangu, Mkenya anayelinda ghala, tukila wali mtaa wa Sharafiya. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Wewe, bosi anaweza kununua Riyadh yote, atafuata kakisima ka buda wako? Tulia, bro. Na akienda, si watu wenu watapata job?"

Nilimkasirikia, nikaacha sahani katikati. Hasira yenyewe ilikuwa ya uongo, maana hayo aliyoyasema ndiyo niliyokuwa nikijiambia kila nikilala.

Kisha simu za Marekani zikabadilika. Wazee wa kaunti walikuwa wamekusanyika kanisani na kupata wakili. Meneja alisema sheria mpya inakuja na visima vitapimwa. Bosi hakugomba. Alisema tu, "Basi, tufanye haraka kule kwingine," na nilipoinua macho nikamkuta ananitazama kwenye kioo. Nikakosa ujasiri wa kumuuliza kwingine ni wapi. Nilikuwa na nafasi ya kupiga simu nyumbani siku hiyo, nikaiahirisha, kwa sababu nilimwogopa baba kuliko nilivyoogopa jambo lenyewe.

Mama ndiye aliyepiga. Ilikuwa saa nne asubuhi, tumesimama karibu na bandari, magari ya mizigo yametuziba mbele, bosi kiti cha nyuma na karatasi zake.

"Mwanangu, wageni wako wamefika," mama akasema kwa furaha.

"Wageni gani, mama?"

"Wa bosi wako. Wamekuja na lile lori la kuchimba visima. Wanakodi mashamba kwa miaka mingi. Wametuonyesha simu, alama iko hapa mlangoni kwetu. Nimewapikia chai. Lakini baba yako hataki kutia kidole kwenye mkataba mpaka akusikie wewe."

Bosi hajui Kiswahili, lakini Kiswahili chetu kina Kiarabu kingi, na neno kama ardhi angelidaka mara moja. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa hapa, iko mikononi mwake. Akitaka, wiki hii narudishwa kwetu na begi moja.

Baba akashika simu. "Nikusikie."

"Baba, usitie."

"Si ni bosi wako?"

"Ndiye. Usitie."

Nyuma yangu karatasi zilikuwa zimeacha kusikika.

"Na kazi yako je?" baba akauliza.

"Baba, nakuomba. Usitie kidole."

"Nimekusikia," akasema, na mimi nikashusha pumzi, nikaona kwamba angalau hili nimeliwahi. Akamrudishia mama simu.

"Haya, sisi hatutii," mama akasema, akishangaa. "Lakini majirani wote wametia tangu asubuhi, huku na huku ya shamba letu. Tuliwauliza mbona haraka. Wakasema, kama ni bosi wa kijana wetu, kuna ubaya gani?"