Lile la Macho Manne

Harufu kama ya viti vya ngozi vya gari ikinipata popote, hata kibandani kwa fundi viatu, wivu unanipanda upya. Watu huniambia mambo ya utoto niyaache. Niyaache vipi, jamani?

Likizo ile ya Agosti, Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuja kwetu Uthiru kutoka Spring Valley na gari jipya. Kila Wajerumani walipobadilisha umbo la gari lile, naye alibadilisha. La zamani lilikuwa na taa nne za mviringo na ngurumo iliyotikisa vikombe kabatini. Jipya lilikuwa refu zaidi, tumbo karibu na ardhi, taa zimekunja uso kama mtu aliyeamshwa mapema, na ndani skrini inayoonyesha njia. La zamani nalo lilikuja siku hiyo, mkewe akiliendesha, na macho yangu yote yalikuwa kwenye gari hilo. Baba Mkubwa alikuwa amemwahidi Baba kwamba likija jipya, lile la macho manne ni letu. Goti la Baba lilikuwa bovu, na kila asubuhi alichechemea hadi Waiyaki Way kutafuta usafiri wa kwenda kazini mjini.

Kwetu gari halikuwa lako mpaka Shosho, nyanya yetu, aliombee. Tuliitwa sote uani tuweke mikono kwenye boneti la gari jipya. Binamu yangu Wangari, binti wa Baba Mkubwa na rika langu, aliketishwa kwenye usukani kabisa, na soksi zake nyeupe, akituangalia kupitia kioo. Nilimchukia, kusema kweli. Shosho alipofumba macho nilirudi nyuma polepole, nikaweka viganja kwenye boneti la lile la zamani, lililokuwa bado na joto, nikaomba kumshinda Shosho.

Baada ya amina, Baba Mkubwa aliniona akacheka.

“Usilichafue,” alisema. “Hilo nimeamua litamngoja Wangari akue.”

Baba alisema ni sawa, kisha akachechemea kwenda kuleta viti vya wageni. Ni sawa! Nilitamani kumng'ata mtu.

Sasa naishi Kileleshwa, na nimejinunulia umbo lilelile la macho manne, kuukuu, rangi imepauka. Baba hakuwahi kulipanda, alikufa mapema. Majuzi Wangari alinitembelea na toleo la sasa: pua pana ajabu, halina ngurumo hata kidogo, vioo vinajikunja vyenyewe. Aliliegesha kando ya langu, na langu likawa debe tupu. Nilimuuliza lile alilowekewa na babake liliishia wapi. Ilibidi afikirie.

“Lipi? Aa, lile. Sikuwahi kuliendesha. Panya walikula nyaya, likauzwa kama chuma chakavu.”

Alisema hivyo akipekua mkoba, akitafuta simu. Nilimsindikiza hadi getini nikitabasamu, roho ikiniuma kuliko siku ile ya maombi. Gari ambalo lingempeleka Baba kazini, yeye hata alikuwa amelisahau.