Harufu ya Sabuni Kwenye Kirikuu

Saa mbili asubuhi, Mtoni, Temeke. Kitu cha kwanza anachokigundua Rukaiya Mwinshehe leo ni harufu ya sabuni, na inatoka kwenye chujio la hewa la kirikuu.

Analinusa tena. Kwenye gereji hii amezoea oili, petroli na vumbi. Sabuni, hapana.

Hatua mbili kutoka alipochuchumaa, bosi wake, Fundi Mashaka, anachagua spana ya kushushia injini. Mwenye gari, Ansbert, amejishika kichwa. Kirikuu hicho, kigari kidogo cha mizigo, ndicho kinacholisha nyumba yake. Kila siku hubeba magunia ya pumba kutoka mashine za kusaga kwenda kwa wafuga kuku. Wiki ya pili sasa hakivuti, kinatoa moshi mweusi na kunywa mafuta kama kimelogwa. Injini ikishushwa, anasema, atakiuza tu, maana hela ya vipuri hana.

"Chujio umelitazama?" Mashaka alimuuliza alipofika.

"Fundi, chujio langu safi kuliko mie!"

Na kweli, ni jeupe. Mashaka alilitupia jicho akalipita. Rukaiya analibonyeza mikunjo. Migumu kama ukoko.

Rukaiya, mwenye miaka 23, si msemaji. Aliacha shule darasa la tano mama yake alipougua, na tangu hapo akazoea kunyamaza, "watu wasije wakaniuliza nimesomea wapi." Mwaka wa tatu huu kazi yake ni machujio: kuyatoa, kuyakung'uta taratibu, kuyapuliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje ili vumbi lirudi lilikotoka. Hulipwa shilingi elfu nane kwa siku.

Spana inagusa nati ya kwanza.

"Fundi." Sauti yake inatoka ndogo. "Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Si ulishaniamkia?"

"Chujio limefuliwa."

Gereji nzima inamgeukia Ansbert.

"Nalifua kila Jumapili nikitoka kanisani," anasema kwa fahari. "Sabuni ya unga, nasuuza maji matatu, naanika. Kwani kuna ubaya?"

"Braza, hii karatasi, siyo shati!" Mashaka anajishika kiuno. "Vumbi la pumba ukilitia maji umepika uji. Gari la watu linavutia pumzi kwenye uji!"

Mashaka anaweka spana chini, anawasha injini kidogo bila chujio, kuijaribu tu. Inanguruma kama iliyofunguliwa mdomo, na moshi unapungua. Ansbert anapiga makofi, halafu anajifunika uso.

"Mie nilikuwa nakipenda tu."

"Kipende kidogo," anajibu Mashaka.

Chujio jipya linaletwa kutoka duka la vipuri la jirani. Kabla ya saa nne kirikuu kinaondoka, honi juu, mwenyewe akimpungia mkono Rukaiya, ambaye tayari ameinamia chujio la gari jingine.

Baada ya hapo ni chai. Fundi Mashaka, mwenye miaka 61, ana desturi yake: kila siku wakati wa chai huwasomea mafundi gazeti kwa sauti, habari zote mpaka matangazo ya viwanja. Rukaiya, ambaye husoma polepole, hukaa kwenye tairi kuukuu karibu naye na hapitwi na neno.

Mzee akienda kufuata chapati, ndipo binti huyu anapozungumza na mwandishi wa gazeti hili, macho yakiwa kwenye kikombe.

Siku alipoletwa hapa, anasimulia, mafundi wengine walicheka: "Mashaka, umetuletea bubu?" Mzee akawajibu, "Mwacheni. Kelele injini zinapiga zenyewe. Mie nimetafuta mtu wa kusikiliza." Alidhani binti yuko mbali. Alikuwa nyuma ya gari.

"Nilikuwa nimeshashika mkoba niondoke," anasema. "Nikaurudisha chini."

Hajawahi kumwambia. Wala hajawahi kumwomba jambo analolitaka kuliko yote, kufundishwa kufungua injini mwanzo mpaka mwisho, ili siku moja yeye ndiye ashike ile spana.

"Andika kwamba nilisikia," anasema. "Andika na asante. Na hilo la injini pia andika. Atalisoma mwenyewe, kwa sauti, na mie nitakuwa nimekaa hapa hapa kwenye tairi."