Mwenyeji wa Ukurasa wa Mbele

Nilifika katika nyumba ile ya wageni kupaka rangi madirisha, na ningemaliza madirisha nikaondoka kama ninavyoondoka kila mahali, lau nisingeiona kompyuta. Ilikuwa juu ya meza ndogo karibu na mlango, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama chakula kilichowekewa mtu. Nikauliza kama inafanya kazi. Mama aliyekuwa akisimamia nyumba alinijibu kwamba inafanya, ila mwenye kuijua hayupo.

Mwenye kuijua alikuwa kaka yake, na alikuwa amefariki kabla ya masika. Mama huyo, ambaye watu wote wa pale tulimwita Shangazi, alihamia Bagamoyo kushika nyumba kwa sababu wifi yake, mjane wa marehemu, alikuwa amekaa eda. Kwa hiyo mjane mwenyewe sikumwona. Nilijua chumba chake tu, kile chenye dirisha linalotazama geti, pazia lake la kijani likiwa limeshushwa muda wote. Zamu ya dirisha hilo ilipofika nilisimama kando, nikasema shikamoo. Sauti ikaitikia marahaba kutoka ndani, ikaniuliza kama rangi hiyo ina harufu kali.

Shida ya nyumba ile niliielewa gari la kwanza la wageni liliposimama nje. Hawakupiga honi. Mgeni alishuka, akashika nondo za geti, akaita jina la marehemu kwa uchangamfu, kama anamwita rafiki wa siku nyingi. Shangazi akatoka mbio na kanga ikimponyoka, akimwonyesha kwa kidole anyamaze. Mwisho wa juma wakaja wengine kutoka Dar, nao wakaita vilevile. Nikauliza wanamjuaje wote hawa. Shangazi akanipa simu yake nitazame.

Ilikuwa tovuti ya nyumba. Ukurasa wa mbele ulijaa picha ya mzee mmoja mwenye kofia ya viua na dele la kahawa mkononi, anacheka mpaka macho yamefumba. Chini yake palikuwa na maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: karibu Bagamoyo, ukifika getini ita jina langu, nitakufungulia mwenyewe. Kisha jina.

"Wanafanya walivyoambiwa," Shangazi alisema. "Na yeye yuko pale dirishani. Nimemwambia ahamie chumba cha nyuma, hataki. Sasa mtu aliyefiwa asikie mumewe anaitwa getini kila Ijumaa na Jumamosi, huo ni uungwana gani?"

Mjane alitaka jambo moja, nalo aliniletea kupitia kwa wifi yake: picha ile na maneno yale yaondoke. Tovuti yenyewe ibaki, kwa kuwa wageni walikuja kwa njia hiyo na ndiyo iliyokuwa riziki ya nyumba. Iondoke picha na maneno tu. Nikasema hiyo ni kazi ndogo.

Sikusema uongo, niliamini hivyo. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu hapo nimejifunza mambo kwa kuchungulia. Ubena nilijifunza gereji. Msata niliuza maji kwenye mabasi na kujua njia zote za malori. Dar es Salaam nilikaa muda kwenye duka la vifaa vya ofisi la familia moja ya Kihindi, nikifagia na kutoa fotokopi, na huko ndiko nilikomtazama kijana wa dukani akitengeneza tovuti za watu. Haikuwa lazima ajue lugha ya kompyuta. Kulikuwa na mfumo ulioandaliwa tayari: unaingia kwa nywila, unakuta vyumba vya kurasa, vya picha, vya vipande vya nyongeza, na kuna vazi unaloivisha tovuti yote, ukitaka unalibadilisha. Niliupenda mfumo ule kwa sababu ulinipokea bila kuuliza cheti.

Kompyuta ya marehemu nayo ilinipokea. Nywila ilikuwa inaikumbuka yenyewe. Ikafungua, ikaandika juu kabisa: hujambo, na jina la marehemu. Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akavuta pumzi akaenda jikoni.

Nikatafuta yale maneno. Niliingia ukurasa mmoja baada ya mwingine na sikuyaona. Nilikuta bei za vyumba, nikakuta maelezo ya njia na picha za chai na vitumbua. Nilibadilisha bei ya chumba kimoja ili nijaribu, ikabadilika palepale. Lakini mzee wa mbele hakuwa katika ukurasa wowote. Nilimfuta katika chumba cha picha, akaondoka, pakabaki fremu tupu yenye jina lake, na chini yake maneno yaleyale ya kuita getini. Hiyo ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa ilikuwa kama nyumba yenye matanga. Nikamrudisha.

Shangazi alipita na sufuria. "Fundi wa hewani, umefika wapi?"

Nikamwambia namtafuta alipo.

"Mwenzako anayeezeka nikimtazama namwona yuko juu ya paa. Wewe tangu asubuhi umekaa. Mimi nitajuaje kama unafanya kazi au umepumzika?"

Nilisoma, nikatazama video za watu wanaofundisha haraka kuliko ninavyoweza kusikia. Mwishowe nikaelewa. Kijana aliyemtengenezea mzee ile tovuti, ambaye namba yake haikupatikana tena, hakuyaandika yale maneno katika ukurasa. Aliyashonea ndani ya vazi lenyewe, katikati ya maandishi ya kompyuta, kama mtu anayedarizi jina kwenye kanzu badala ya kubandika. Ndiyo maana hayakubanduka. Kulikuwa na mahali pa kufungua mshono. Mfumo ulinionya kwanza: hapa ukikosea utaharibu. Nikabofya kwamba nimeelewa.

Nikayaona. Katikati ya mabano na mishale palikuwa na Kiswahili safi cha mzee, ukifika getini ita jina langu. Nikafuta kutoka mwanzo wa sentensi mpaka mwisho wake, na inaelekea nilifuta na bano moja lililokuwa limeshikilia mengine. Nikahifadhi. Nikaenda kutazama ukurasa wa mbele.

Ulikuwa mweupe. Hapakuwa na mzee, bei wala vitumbua. Palikuwa na mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba kumetokea hitilafu kubwa, na msimamizi wa tovuti atazame barua pepe yake, ametumiwa maelekezo. Nilijaribu kurudi nilikotoka, huko nako kukawa kweupe na mstari uleule.

Msimamizi wa tovuti alikuwa mzee mwenyewe, marehemu.

Nilikaa nikiutazama ule mstari. Maelekezo yalikuwapo, yameandikwa, yametumwa, yamefika, yanamsubiri asome. Barua pepe yake hakuwa akiisomea kwenye kompyuta ile, aliisomea kwenye simu. Nilipojaribu kuifungua, ikasema itatuma tarakimu kwenye namba yake kwanza ili ijue kuwa ni yeye.

Nikamuuliza Shangazi simu ya marehemu iko wapi. Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. Baada ya arobaini, vitu vya marehemu viligawiwa kama inavyotakiwa. Kanzu zilikwenda msikitini, viatu akapewa mlinzi, saa akapewa mkwe, na simu akapewa mdogo wao wa Miono, ambaye hakuwa na simu ya maana. Kumnyima mtu fungu lake la vitu vya marehemu kwa sababu eti ya tovuti, nani angefikiria?

Nikaenda Miono. Nilishuka Msata, nikachukua bodaboda, nikamkuta mdogo mtu shambani kwake, amekaa na mkewe wakibangua korosho. Ni mtu mpole, anachanganya Kikwere kila sentensi ya pili. Simu alikuwa nayo mfukoni, ameivika gamba jipya. Alinipa kwa mikono miwili. Haikuwa na kitu. Walipoipata ilikuwa imefungwa kwa mchoro ambao hakuna aliyeujua, wakaipeleka kwa fundi pale senta, naye akaifuta yote ili ifunguke. Nikauliza laini. Laini, alisema, kaka yao mkubwa aliikata kwa wembe siku ile ya kugawa, mbele ya ukoo, ili asitokee mtu wa kukopea kwa jina la marehemu.

"Tulikosea?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana. Na kweli sikuona pa kumwambia hapo ndipo mlipokosea. Alinifungia korosho kwenye gazeti nimpelekee dada yake.

Niliporudi nikaenda kwa mtu wa kurudisha laini zilizopotea. Aliandika namba, akanisogezea kile kimashine chenye taa nyekundu, akasema mwenye laini aweke kidole. Nikaeleza. Akanipa pole ya kweli, akasema kwa kufiwa kuna njia yake: cheti cha kifo, karatasi za mirathi kutoka mahakamani, na msimamizi wa mirathi mwenyewe aje. Mirathi ilikuwa bado haijafunguliwa. Ingefunguliwa mjane akitoka eda. Kimashine kilibaki mezani kati yetu, taa yake inawaka.

Nikawaandikia wanaoitunza tovuti, kampuni ambayo mzee aliilipa kuihifadhi mtandaoni. Walinijibu kwa adabu kwamba ombi kama hilo liandikwe kutoka barua pepe ya mwenye akaunti.

Nimewahi kushindwa mambo mengi, lakini kwa kawaida nikishindwa huwa naondoka. Gari la Tanga linapita, napanda. Safari hii nilifunga begi mara moja nikalifungua tena, kwa sababu niliiacha nyumba ya mtu nyeupe. Nikapaka milango, ambayo sikuwa nimeombwa. Nikarekebisha bomba la nyuma. Kila asubuhi nilifungua kompyuta, nikatazama ule mstari, nikaizima.

Wageni walipungua, kisha wakakoma. Nani angekuja? Mtu akitafuta nyumba ile anakuta ukuta mweupe. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita, geti halikuguswa. Shangazi alipunguza unga wa vitumbua. Hakunitania tena, na hilo liliniuma kuliko utani.

Siku moja mchana nilikuwa napaka geti lenyewe, sauti ikatoka nyuma ya pazia la kijani.

"Mwanangu."

Nikasema naam, nikasogea kidogo, si sana.

"Siku hizi kumenyamaza."

Nikasema ndiyo, mama. Nikaanza kueleza, bano, barua pepe, laini, kidole. Aliniacha nieleze yote. Nilipomaliza akasema tu, "Nilidhani kukinyamaza nitapumzika," na pazia likatulia.

Jioni ile niliwaandikia tena wale watunzaji. Sikuomba kufunguliwa mlango. Niliandika kwa Kiswahili, kwa mara ya kwanza, bila kunakili maneno ya mtu kutoka kwenye video. Niliwaambia mwenye akaunti amefariki, mkewe yuko eda, nyumba haina wageni, na aliyeharibu ni mimi. Akajibu mtu mwingine. Alisema bila mwenyewe hawezi kunipa ruhusa ya kubadilisha chochote, wala herufi moja. Akasema wana nakala ya akiba, na anaweza kuirudisha tovuti kama ilivyokuwa kabla ya kuharibika, basi. Akaongeza kwamba marehemu alikuwa amelipia miaka kadhaa mbele, kwa hiyo haitazimwa karibuni.

Nilimpelekea Shangazi habari hiyo, naye akaipeleka chumbani. Alikaa huko kitambo. Alipotoka akasema, "Rudisheni."

Na mzee akarudi. Kofia ya viua, dele, kicheko cha kufumba macho, ita jina langu. Kompyuta, nilipoiwasha, ilidai nywila upya. Kitu ilichokuwa ikikikumbuka ilikuwa imekisahau. Sasa hata bei ya chumba sikuweza kuigusa.

Nikawaza njia nyingine, ya miguu. Kama siwezi kuyaondoa maneno, naweza kuwawahi wageni. Nikamwambia Shangazi nitakaa nje ya geti siku za wageni, nikisikia gari tu nitoke mpaka barabarani, niwapokee kabla hawajafungua kinywa. Alicheka mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akasema fundi wa hewani sasa ameshuka chini. Ijumaa ya kwanza nikawawahi wote. Walikuja kimya, wakaingia kimya, na mmoja tu aliuliza kwa sauti ndogo mwenye picha yuko wapi. Nikamwambia.

Jumamosi asubuhi Shangazi alinikuta nimeshatoka na kigoda. Akaniambia nisiende mbali, naitwa. Nikasimama kando ya dirisha, nikatoa salamu.

"Marahaba. Ni wewe unayewazuia?"

Nikasema ndiyo, mama, ili usisumbuke.

"Waache waite," akasema. "Mara moja. Kisha ndiyo uwafungulie, uwaambie."

Nikarudisha kigoda ndani. Mkono wa pili wa rangi ya geti, nilioupaka jioni ya jana yake, ulikuwa bado unanata, nikakaa nyuma yake bila kuegemea. Baadaye gari lilisimama. Nilisikia mlango wake ukifungwa, nikasikia viatu kwenye changarawe, nikashika komeo nikangoja.