Jani la Kumi na Mbili

Katika fakulte ya sayansi, Sikuli alijulikana kama mutu wa artikle kenze, ile sheria ambayo haimo katika kitabu chochote lakini kila Mukongomani anaijua kwa kichwa: jisaidie mwenyewe. Umeme ukikatika, aliiwasha darubini kwa betri ya pikipiki. Mizani ikikwama, alipima dawa kwa kijiko cha kopo la maziwa ya mtoto. Alikuwa asistan, mhadhiri msaidizi, kwa miaka tisa, mzaliwa wa Butembo, mwembamba, mpole, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumsikia akisema kwamba jambo fulani haliwezekani.

Mwaka ule mlima wa moto ulipopasuka, alikuwa akikusanya majani ya migomba. Alitaka kujua ukoo wa migomba ya Kivu, upi ni ndugu wa upi. Jani likishakatwa lazima likauke upesi, la sivyo linaoza, na kwa kazi hiyo alikuwa na kopo moja tu la punje zinazonyonya maji. Zilitosha majani kumi na moja. Akayagawia majani ya mbali kwanza, Kalengera, Masisi, Lubero, maana njia za huko hufungwa bila kumuuliza mtu. La kumi na mbili lilikuwa la Kibati, hapo tu juu ya mji wa Goma. Hata likiharibika, akawaza, nitapanda pikipiki asubuhi na kurudi kabla ya saa sita. Akakaanga mchele kwenye sufuria, akaufungia pamoja na jani ndani ya kichupa.

Mgomba ule wa Kibati ulikuwa wa mama Nyiransengimana. Chipukizi lake la kwanza alipewa na mama-mkwe siku ya arusi, na kasiksi yake, pombe ya ndizi, watu waliifuata kutoka mjini kwa miguu. Majirani walimwomba chipukizi miaka na miaka, akawanyima. Mama alimruhusu Sikuli kukata jani moja, tena akiutazama mkono wake kama anayemtazama mwizi.

Wiki mbili baadaye, jioni moja, moto ukashuka. Mama Nyiransengimana alikimbia na redio na sufuria moja. Aliporudi kutazama shamba, palikuwa na jiwe jeusi lenye moshi, na hakujua asimame wapi aseme hapa ndipo.

Akahamia mtaa wa Mabanga, mjini, chumba kimoja, akauza maharagwe mlangoni. Sikuli alimtafuta mpaka akampata. Mama hakumsalimu hata.

"Asista, lile jani uko nalo?"

"Niko nalo, mama."

"Basi mugomba hajakufa yote."

Sikuli alimweleza vizuri. Jani haliwezi kuota. Lakini ndani ya jani kuna herufi, nne tu, zinazorudiwa mamilioni ya mara, na mimea ya ukoo mmoja ina herufi zinazofanana. Ajabu, sivyo? Herufi nne, na zinatosha kuandika mgomba, na mbuzi, na mutu. Mama Nyiransengimana alishika neno moja tu, ukoo. Akasema kwamba mama-mkwe aliwahi kumpa dada yake chipukizi kule Kalengera. Waliokula arusi ile wote wamekufa, hakuna wa kuonyesha ni upi, na shamba la huko lina migomba ya kila aina.

"Kama herufi zinafanana, utaniambia ni mugomba gani?"

"Nitakuambia."

Siku hiyohiyo mama akamlipa kijana wa chukudu, kile kigari cha mbao, amletee udongo mzuri, akaujaza kwenye mfuko mkubwa wa unga, akausimamisha kando ya mlango. Mfuko ukangoja miaka mitatu.

Majani yalipelekwa Nairobi kusomwa. Herufi zikarudi ndani ya ordinateri, yaani kompyuta, lakini Goma nzima hakuna aliyejua kuzisoma, zikakaa tu kama barua ya lugha ya kigeni. Ndipo ikaletwa formasio ya kuzisoma. Siku tano, wanasayansi kumi na saba katika salle moja, jenereta ikinguruma nje, na madame Henriette, mwalimu mwenye sauti ndogo, akiwafundisha kulinganisha herufi zao na ghala la herufi za viumbe wa dunia nzima.

Siku ya tatu Sikuli aliingiza majani yake. Kalengera: mgomba. Masisi: mgomba. Lubero: mgomba. Kibati ikachelewa kidogo, kisha ikajibu: ukungu.

Akarudia. Ukungu.

"Muzee," akasema Gentil, mwenzake wa meza ya nyuma, "ulitumia mugomba ao mukate wa juma lililopita?"

Salle ikacheka, na Sikuli naye akacheka. Madame Henriette akainama kwenye skrini yake.

"Ulilikausha kwa kitu gani?"

"Kwa mchele wa kukaanga, madame."

Wakacheka zaidi. Yeye hakucheka.

"Jani lilioza humo ndani. Hiki ulichosomewa ni kile kilicholila. Nenda ukakate lingine."

"Lilitoka Kibati, madame. Kabla ya mlima."

Kicheko kikakatika. Gentil akaanza kutafuta kalamu ambayo haikupotea.

Usiku mzima Sikuli aliwaza uongo mmoja mzuri. Herufi za Kalengera alikuwa nazo, safi. Angesema zinafanana, mchuuzi wa njia ya Rutshuru angeleta chipukizi kutoka huko, mfuko ungepata mgomba, na nani angejua? Mama angejua, akajijibu. Siku ya kasiksi ya kwanza, angejua kwa ulimi.

Formasio ilipokwisha, akaenda Mabanga na kichupa mfukoni. Mama Nyiransengimana alikuwa akichambua maharagwe.

"Amepatikana?"

"Hapana, mama. Jani liliharibika. Ni mie niliiharibisha."

Mikono yake ikaendelea kuchambua.

"Uliikausha na nini?"

"Na muchele ya kukaanga."

"Ulingoja ipole?"

Sikuli alikumbuka sufuria, na haraka yake siku ile. "Hapana."

"Muchele ya moto ukiifungia inatoka jasho," akasema mama. "Mbegu tunalinda ndani ya majivu ya baridi. Hata mutoto anajua. Ulikuwa kwangu siku ile, majivu ilikuwa pale jikoni, hukuniuliza."

"Sikukuuliza, mama."

"Na kule kwa ordinateri waliandika nini?"

"Ukungu."

"Basi ukungu yako imeandikwa." Akasukuma bakuli pembeni. "Mie nilinyima watu miaka makumi tatu. Kama ningempa hata mumoja."

Sikuli akatoa kichupa, akampa kwa mikono miwili. Mama alikitazama kwenye mwanga, mchele mweusi na kipande cha kitu, akamrudishia.

"Beba. Siyo yangu."

Wiki iliyofuata Sikuli alipita tena, na sukari kilo moja. Mama alimpokea vizuri, akampa kiti, wakaongea habari za bei ya maharagwe. Kwenye ule mfuko kando ya mlango alikuwa amepanda vitunguu.