Ubao wa Nsengi

Enzi zetu, kijana wa Gisenyi ulimtambua kwa goti la kushoto. Hilo ndilo tulilolipiga juu ya chukudu huku mguu wa kulia ukisukuma ardhi, na hata suruali ingekuwa ngumu namna gani, ilitoboka hapo hapo. Mama zetu walishona kiraka upande mmoja tu. Ukikutana na mtu mwenye kiraka cha goti la kushoto, na kiraka chenyewe kimekatwa kwenye turubai la buluu, ulijua huyo ni wa Kipanga, na ulimpisha njia.

Ninyi mliokua pamoja nasi mnaikumbuka Kipanga. Kwa wadogo zetu naeleza kwamba chukudu ni kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala kiti. Ina magurudumu mawili ya kuchonga yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, ubao mrefu wa kubebea mzigo, na usukani uliochanua kama pembe za ng'ombe. Breki ni kipande cha mpira unachokikanyaga juu ya gurudumu la nyuma, na kinapowaka harufu yake unaila mpaka jioni. Kipanga ilikuwa karakana ya Baba Zuhura, seremala wa mtaa wa Waislamu nyuma ya soko. Mafundi wengine walichonga chukudu wakauza, basi. Yeye alikuwa na timu.

Timu ilikuwa vijana wanne, wa miaka kumi na mitano, kumi na sita hivi. Kila mmoja alipewa chukudu bure. Siku za kazi tulipanda nazo Bugeshi, kule kwenye baridi chini ya volkano, tukateremsha viazi vya wafanyabiashara mpaka mjini. Jumamosi, soko likiwa limejaa, tuliteremka mteremko wa Rugerero bila mzigo, mmoja nyuma ya mwingine, tumesimama wima kama watu wanaosubiri kupigwa picha. Wanawake walishika watoto. Wazee walitutukana kwa Kinyarwanda. Wiki iliyofuata Baba Zuhura alikuwa na wateja kutoka Goma na kila upande. Baada ya maonyesho hayo mkewe alituwekea sinia la sambaza, dagaa wa ziwani, wa kukaanga na ugali wa muhogo, tukala kwa mikono yenye harufu ya mikaratusi na grisi.

Aliyetushinda sote alikuwa Nsengiyumva, mtoto pekee wa mjane mmoja wa Rugerero. Alikuwa mfupi, mapaja kama magogo, maneno machache. Alibeba peke yake mzigo ambao wengine tuliugawana, kisha akatusubiri chini akila muwa. Shule hakuwahi kwenda. Wa pili alikuwa Bosco, wa upande wa Goma, aliyevuka kizuizi cha mpaka, Grande Barrière, kila asubuhi na kuwaita askari wa mpakani baba wakwe zake. Wa tatu alihamia Kigali mapema, simtaji zaidi. Wa nne nilikuwa mimi, na sikuchaguliwa kwa ajili ya miguu.

Mimi peke yangu ndiye niliyefika sekondari, na nilikuwa na mwandiko. Mama yangu alikuwa akisema kila asubuhi, akinipaka mafuta usoni, kwamba mwandiko huo ungenilisha. Baba Zuhura alinipa kopo la rangi nyeupe nimchoree kipanga kwenye ubao wa mbele wa kila chukudu. Nilijitahidi. Mabawa yalitoka madogo na tumbo kubwa, na vijana wa Goma walipotuona mpakani walituuliza kuku wetu atataga wapi. Bosco hajanisamehe mpaka leo.

Ili kufuta aibu ya kuku nilitoa wazo la majina. Wazo lilikuwa langu, sikuambiwa na mtu. Nilimwambia Baba Zuhura kwamba kila mpanda chukudu aandikwe jina lake mbele, herufi kubwa, ili mwenye viazi aseme namtaka fulani. Akacheka, akakubali. Jina la Nsengiyumva lilikuwa refu kuliko ubao, nikalikata mistari miwili: NSENGI juu, YUMVA chini. Alikaa mbele ya ubao huo muda mrefu. Akaniomba nimwonyeshe herufi moja moja kwa kijiti kwenye vumbi. Halikuwako neno jingine alilojua kusoma duniani, lakini hilo alilisoma. Usiku aliufungua ubao kwenye chukudu, akauingiza ndani ya nyumba, akauegemeza ukutani karibu na mkeka.

Majina yalifanya kazi yake. Watu wa soko waliacha kusema chukudu ya Kipanga, wakasema namtaka Nsengi.

Miaka ile ya vita mnaijua. Tulilala na viatu miguuni. Malori yaliacha kupanda Bugeshi kwa sababu vilima vya juu vilikuwa na watu wenye bunduki, nasi tulijifunza kutouliza ni wa nani. Viazi vikawa haba, bei ikapanda, na kwa kuwa lori halikwenda, chukudu ilikwenda. Lazima niseme hivi hata kama haipendezi: Kipanga ilinenepa kwa sababu ya vita. Mama wa Nsengi alimwomba aache. Akamjibu kwamba anataka kwanza apate mabati, nyasi za paa zilikuwa zimeoza.

Siku yenyewe ilikuwa na ukungu. Tulikuwa watatu: Nsengi mbele, Bosco, kisha mimi nikiwa na magunia mawili ya huruma. Wenye bunduki walitoka kwenye shamba la viazi, wengi, wamelowa. Walianza kushusha mizigo yetu bila kusema neno, na nadhani wangechukua viazi tu na kutuacha. Ndipo mmoja wao, kijana wa rika letu, akainama kwenye chukudu ya mbele. Akasoma. Alikuwa amesoma shule, nilimwona midomo haikutikisika.

Akageuka kwa Bosco, aliyekuwa akiwabembeleza kwa Kiswahili cha Goma, akamuuliza kwa Kiswahili hicho hicho.

"Nani njo Nsengi?"

Bosco akatazama ukungu. Mimi nikatazama chini. Yule kijana akawaambia wenzake kwamba huyo ndiye wa sokoni, anayebeba mzigo wa watu wanne. Walikuwa na masanduku ya kupeleka juu. Akauliza tena. Nilikuwa na maneno kichwani, kwamba Nsengi hakuja leo, kwamba chukudu hii tumeiazima. Yalikuwa maneno mazuri kabisa, ya mtu aliyesoma. Hayakutoka.

"Njo mi," Nsengi akasema.

Wakampa sanduku la kwanza, akaliweka kichwani. Wakampa la pili begani. Alipopita karibu nami alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau kitu.

"Umuambie mama viazi ya leo haikufika."

Chukudu haiingii msituni, wakaziacha zote. Mimi na Bosco tulificha zetu shambani, tukaiteremsha ya Nsengi mpaka Rugerero tukiisukuma kwa mikono, mmoja kila upande. Hakuna aliyeipanda. Mama Nsengi alikuwa akichambua maharage mlangoni. Aliona chukudu tupu, akasoma yote kabla hatujafungua midomo, yeye ambaye naye hakuwahi kwenda shule.

Alitembea njia zote za Bugeshi akiuliza. Aliuliza makasisi, askari, wachungaji wa ng'ombe, wanawake wanaovuka mpaka na vikapu. Mmoja alisema amemwona upande wa pili, mwingine akasema hapana, yule alikuwa mrefu. Kisha watu wakaanza kubadili njia wakimwona, na mimi nilikuwa mmojawapo.

Baba Zuhura alichukua randa, akakusanya chukudu zote alizoweza kuzipata, akakwangua. Majina, kuku wangu, kila kitu. Nilikaa kando, maranda ya mbao yakinirukia miguuni. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba aliyenunua rangi ni yeye. Baada ya hapo hakuandaa tena maonyesho, na muda si muda alikuwa akitengeneza vitanda na majeneza, na Kipanga haikutajwa tena.

Ubao mmoja hakuupata. Alipofika Rugerero na randa yake, Mama Nsengi alisimama mlangoni na mchi mkononi. Ubao aliupigilia misumari juu ya mlango, ukitazama barabara.

Mvua ya Gisenyi haina huruma na rangi. Mwaka wa pili alimtuma mtu aniambie niende. Nilidhani ananiita kunilaani, na nilikuwa tayari. Alinipa ngazi.

"Upake tena," alisema. "Ule mutoto hajue kusoma kitu ingine. Hii maandishi ikipotea, atajua namna gani kama hapa ni kwetu?"

Nimepaka kila mwaka tangu siku hiyo, kabla ya masika. Nimekuwa mchoraji wa mabango, mwandiko umenilisha kama mama alivyosema. Nimeandika maduka, saluni, pikipiki. Mama Nsengi alinishikia ngazi mwaka baada ya mwaka, halafu akawa ananiangalia akiwa amekaa, halafu kutoka kitandani kupitia dirisha. Alifariki mwaka jana. Paa aliloliacha lilikuwa la mabati. Tulimwezekea mimi na Bosco.

Siku hizi naona vijana ufukweni na vibao vyao vya magurudumu, vingine vinakwenda kwa betri, mguu wenyewe haufanyi kazi. Wanaanguka kwenye lami laini kama godoro, na mwenzao anawapiga picha. Mgongoni wamevaa majina ya wachezaji wasiowajua, na majina yao wenyewe wanayaandika kila mahali, kwenye kuta, kwenye simu, kwenye kofia. Nawacheka, ni haki yangu, magoti yangu yamezeeka kabla yangu. Lakini nikirudi nyumbani nawaza kwamba kijana wa leo akiandika jina lake kubwa, baya linaloweza kumpata ni kutosomwa na mtu. Hata sisi tulistahili hivyo.

Nyumba sasa ni ya mpwa wa marehemu, kijana mwenye adabu. Alinipigia simu kwamba hoteli moja ya ziwani inatafuta mbao kuukuu za chukudu za kupamba ukumbi, wanalipa vizuri. Aliniuliza kwa upole kama nitaona vibaya akiuuza ule ubao, kwa kuwa shangazi hayupo na hakuna tena anayesubiri.

Nikamwambia nitakuja tuongee. Nilikwenda na ngazi yangu. Rangi niliyochukua si ile ya kila mwaka, ni ya mafuta, wanayopaka mitumbwi ya wavuvi, inayokaa majini isitoke. Sitapanda ngazi miaka mingi zaidi, na NSENGI YUMVA lazima isomeke kutoka barabarani.