Swichi Mpya ya Bwana Fyuzi

Mtaani walimwita Fundi. Mkewe peke yake ndiye aliyemwita Bwana Fyuzi, tangu alipojitia kuunganisha taa za harusi yao wenyewe, akaunguza fyuzi, na wageni wakala gizani. Naye alimwita mkewe Dereva, kwa sababu usukani wa gari lao mama huyo hakumwachia mtu.

Lilikuwa gari kuukuu la kulala, lenye kitanda cha kukunja, jiko dogo la gesi, na makabati yaliyomwaga vikombe kila kona yasipofungwa vizuri. Walizunguka nalo mji kwa mji, mume akitengeneza redio na pasi, mke akiendesha na kupatana bei na wateja, maana mume alikuwa na huruma ya kuwafilisi.

Swichi ya kuwashia ilikuwa korofi tangu zamani. Ilibidi uusukume ufunguo ndani, uurudishe nyuma kidogo, uuinue kwa kidole gumba, ndipo uuzungushe. Mkono wa Dereva uliyajua hayo kama unavyoijua njia ya kwenda mdomoni.

Kisha ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Ulianza na majina ya majirani, ukaja kwenye ya watoto, ukamchukua na mume. Mchana kutwa alimtazama kama mpangaji mwenzake. Lakini kila asubuhi baada ya chai, Fundi alimketisha mbele ya usukani, akampa ufunguo. Sukuma, rudisha, inua, zungusha. Injini ikinguruma, Dereva alimgeukia macho yakiwa yake yale yale.

"Bwana Fyuzi, umefunga makabati?"

"Nimefunga, Dereva."

"Usinidanganye kama juzi."

Basi. Baada ya hapo alipotea tena mpaka kesho yake, naye Fundi alihamia kwenye usukani. Wapo wanaosema mgonjwa wa namna hii hajui kitu, ni mzigo tu wa kulishwa na kuogeshwa. Wangekaa kwenye kiti kile asubuhi moja tu, wangeona aibu.

Siku moja, wakienda kliniki, swichi ilikata umeme na gari likazimika katikati ya barabara, lori likiwa nyuma yao. Binti yao aliposikia, alikuja mbio.

"Baba, unangoja nini?"

"Ni swichi tu, mwanangu."

"Hiyo swichi tu ndiyo itakayowaua. Usipoibadilisha, mama namchukua nikakae naye kwangu."

Fundi aliichagua mwenyewe swichi mpya. Alichomoa waya wa betri, akafungua kifuniko chini ya usukani, akaitoa ile ya zamani. Alipoipasua, vyuma vya ndani vilikuwa vimeungua vyeusi kama masizi. Ilikuwa imeishi kwa ukaidi tu. Akaunganisha mpya, akajaribu. Gari liliwaka kwa mguso mmoja. Siku nzima alipiga mluzi.

Asubuhi Dereva alipewa ufunguo mpya. Akasukuma, akarudisha, akainua, akazungusha. Injini iliwaka mara moja, lakini mkono haukuwa na habari. Uliendelea kukaza, na stata, mota ile ya kuwashia injini, ikapiga kelele ya kukwaruza. Akauachia ufunguo kama umemchoma.

"Hili gari la watu," alisema. "Mwenyewe akija, tutamwambia nini?"

Akashuka. Kesho yake alikataa hata kulisogelea, na Fundi hakuitwa jina lolote. Ndipo alipoelewa alichokitoa kwa bisibisi yake.

Kuirudisha swichi ile haikuwezekana, ilikuwa imekufa. Lakini kitasa chake cha kuingizia ufunguo, na ufunguo wenyewe, vilikuwa vizima. Fundi alivifunga mahali pake pa zamani, bila waya hata mmoja, na ile mpya akaishusha chini ya dashibodi, upande wa abiria, penye goti lake.

Akamshawishi mkewe kwa siku kadhaa, mpaka akakubali kupanda. Vidole vilipapasa kitasa, vikatulia. Sukuma, rudisha, inua, zungusha. Wakati uleule Fundi akazungusha swichi yake gotini, na injini ikanguruma. Dereva akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Fundi akabana pumzi, akingoja.

Mkewe alimgeukia, akamtazama kwa upole kuanzia viatu mpaka mvi.

"Mzee wangu, wewe unashukia wapi?"

Fundi akauachia ufunguo wa gotini.

"Popote utakapofika, Dereva."

"Haya. Basi nenda nyuma ukamwambie Bwana Fyuzi afunge makabati tuondoke. Yule bwana namjua, kila siku anatuchelewesha."

"Nitamwambia."

Fundi akainuka, akaenda nyuma, akayafungua makabati yaliyokuwa yamefungwa, akayafunga tena moja moja, kwa kishindo, ili mkewe asikie.