Kofia Niliyoificha Msimu Tuliposhindwa Mechi Zote

Siku ya kwanza kazini nilifika nimening'iniza njumu begani. Tangazo ukutani mwa chuo kimoja hapa Saint Paul lilisema timu ya futboli inatafuta msaidizi wa stoo, na mimi nilikuwa nimecheza beki kwetu Voi kwa miaka mingi. Nilijiambia wakiniona nikipiga mpira huenda wakanipa na jezi. Mkuu wa Stoo, mzee mnene mwenye sauti ya chini, alizitazama njumu, akanitazama mimi, kisha akafungua mlango. Ndani kulikuwa na kofia ngumu, safu juu ya safu, kila moja ina vyuma mbele ya uso.

"Hawa wanapigana?" nikauliza.

"Jumamosi utaona."

Niliona, lakini sikuelewa; futboli ya Kimarekani si soka letu. Mpira wenyewe ulichongoka pande mbili, ulishikwa kwa mikono, na kila baada ya sekunde chache mchezo ulisimama ili watu washauriane. Timu ilipewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, na ikishindwa, wapinzani wanauchukua mpira. Hilo tu lilinichukua wiki tatu kulishika, na kufikia hapo tulikuwa tumeshapoteza mechi tatu.

Kazi yenyewe niliielewa mapema kuliko mchezo. Kofia za wakati ule zilikuwa na vifuko vya hewa ndani, tukivijaza kwa pampu ndogo yenye sindano. Unamvalisha mchezaji, unaishika kofia kwa mikono miwili, unaizungusha kidogo. Ngozi ya paji la uso ikienda pamoja na kofia, basi imemkaa. Ikibaki nyuma, unaongeza hewa. Baridi ya huku hupunguza ile hewa, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi tulianza upya, mtu mmoja mmoja.

"Mchezo si lazima uujue," Mkuu wa Stoo aliniambia. "Vijue vichwa vyao."

Nikavijua. Nilichokijua zaidi kilikuwa cha Erik, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho kutoka Anoka. Alikuwa kwotabeki, yaani yule anayeanza na mpira mkononi na kuamua ampe nani. Kichwa chake kilikuwa kirefu, kimebapa kisogoni, na kilinisumbua kuliko vyote. Nikimpima alipiga soga bila kupumua, hata siku zile tulizotoka kupigwa vibaya.

Huko kushindwa ndiko kulikonivuruga akili. Kwetu Voi timu ikifungwa mara mbili mfululizo, kocha hapiti sokoni. Hapa tulipoteza kila Jumamosi, na wazazi walikuja na masufuria ya chakula cha moto, wakapiga makofi kama tumeshinda. Nikaamua kwamba watu hawa hawajali. Halafu Jumatatu moja niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta Kocha Mkuu peke yake, amekaa katikati ya jezi chafu, amejifunika uso kwa taulo, mabega yanatikisika. Nikatoka kinyumenyume. Sikujua tena nishike lipi.

Mechi ya mwisho tulicheza nyumbani, theluji inaanguka. Kwa mara ya kwanza msimu ule tulikuwa karibu kushinda. Zilibaki dakika chache, mpira ni wetu, karibu kabisa na mstari wa goli wa wapinzani. Erik aliangushwa na watu wawili, kichwa kikagonga ardhi iliyoganda. Akainuka mwenyewe, akaja pembeni nimkazie mkanda wa kidevuni. Tabibu wa timu alikuwa ng'ambo ya uwanja na mchezaji aliyevunjika kifundo.

Nikamvua kofia. Macho yake yalinipita kama vile nyuma yangu kuna mtu mwingine.

"Mechi inaanza saa ngapi?" akaniuliza.

Nilidhani ni utani. "Erik, tuko robo ya nne, ya mwisho."

"Sawa," akasema. "Basi nipime kofia kabla hawajaja."

Kocha Mkuu akamwita arudi uwanjani. Erik akanyoosha mkono. Sheria ilikuwa hakuna anayeingia bila kofia, na kofia yake ilikuwa mikononi mwangu. Nikaisukuma ndani ya koti langu, nikafunga zipu, nikaondoka kuelekea stoo. Nyuma yangu nilisikia, "Wewe! Rudisha hiyo!" Sikugeuka.

Akaingia mchezaji wa akiba. Mpira ukamponyoka, wapinzani wakaulalia, na msimu ukaisha bila ushindi.

Mkuu wa Stoo alinifuata. "Kocha anakuita. Mwambie kofia ilikuwa inavuja hewa. Nitakuunga mkono."

Nilikwenda na uongo ule tayari mdomoni. Kocha Mkuu alikuwa amesimama dirishani.

"Nani alikupa kazi ya udaktari?"

"Hakuna."

"Kofia ilikuwa na nini?"

"Kofia ilikuwa nzima," nikasikia nikisema. "Mwenye kichwa ndiye hakuwa mzima."

Aligeuka kutoka dirishani. "Tabibu amempima sasa hivi. Anajibu kila swali sawasawa." Akavua kofia yake ya sufu, akaikung'uta theluji. "Nenda kafue jezi."

Hakunifukuza. Hakunishukuru pia. Jumatatu Erik alileta vifaa vyake, akavitupa juu ya kaunta. "Uliniibia mechi yangu ya mwisho," akasema, na nusu ya timu nyuma yake wakanitazama vivyo hivyo. Alikuwa anatembea sawasawa, anaongea sawasawa.

Nilidumu katika stoo ile mpaka nikawa Mkuu wa Stoo mwenyewe, chini ya makocha wakuu watano. Siku hizi mchezaji akigongwa kichwa, kumfichia kofia ni jambo la kawaida, na vijana wa kanisani kwetu Brooklyn Park huniambia nilikuwa mbele ya wakati. Si kweli. Niliogopa tu, na kwa miaka yote sikujua kama niliogopa kitu cha kweli.

Baada ya kustaafu nilikutana na Erik dukani Fridley, kwenye rafu ya misumari. Ana upara sasa. Alinishika mkono, hakuuachia.

"Mpaka leo nina hasira na wewe," akasema.

Kisha akaanza kunisimulia msimu ule, mechi baada ya mechi, nani aliangusha mpira, upepo ulitoka wapi. Alipomaliza ile ya kabla ya mwisho akachukua pakiti ya misumari kwa mkono mwingine.

"Na ya mwisho?" nikamwuliza.

"Hiyo nasimuliwa tu. Nakumbuka kifungua kinywa, halafu niko nyumbani kwa mama."

"Theluji je?"

"Kulikuwa na theluji?"

Nikamtazama. "Sasa hiyo hasira, Erik, unaitoa wapi?"

Alifikiri, misumari mkononi.

"Sijui," akasema. Na bado hakuuachia mkono wangu.